Inspekta Hakuchukua Bahasha

Jumatatu, 3 Machi

Dada,

Msemaji wa kituo cha televisheni ametangaza leo asubuhi kwamba Inspekta atakufa katika kipindi cha mwisho cha msimu mpya, na kwamba kabla ya kufa atakiri kuwa miaka yote hii alikuwa akilipwa na yule jambazi, Mzee Magodoro. Aliyasema hayo mbele ya waandishi wa habari, amesimama chini ya picha yako, ile kubwa uliyokunja mikono.

Nilikuwepo, lakini sikuuliza swali. Unajua mhariri amenikataza kuandika lolote kuhusu tamthilia yenu tangu msimu wa kwanza, na ana haki. Mtu haandiki habari za dada yake. Nilikwenda kumshikia nafasi mwenzangu wa dawati la burudani, ambaye alichelewa. Wengine waliuliza. Mmoja alisema, "Mama yangu mzazi atalia." Msemaji akacheka. "Hicho ndicho tunachotaka. Huu ni msimu wa kumi na tatu, watazamaji wametuzoea. Lazima tuwatikise."

Nina swali moja kwako: ulijua? Kama ulijua, umenificha, na tutaongea. Kama hukujua, basi unalisoma jambo hili hapa kwa mara ya kwanza, na ningependa ulisikie kwa mtu aliye karibu zaidi.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu zenu zote huko kambini mnakopigia picha zimefungiwa getini na mlinzi hapokei ujumbe wa mtu. Dereva wa lori la taa ameniambia huja mjini mara kwa mara na atakuwa tarishi wetu. Ameapa hatasoma. Nimeibandika barua gundi hata hivyo.

Mdogo wako


Alhamisi, 6 Machi

Mdogo wangu,

Sikujua.

Nimeisoma barua yako nimesimama nyuma ya chumba cha vipodozi, uso nusu umepakwa poda nusu haujapakwa. Mpodoaji akaniita, "Inspekta, njoo tumalizie, unatisha." Nikamwambia aache hivyo hivyo, leo natisha kweli.

Utaniuliza inawezekanaje mtu aigize jambo asilijue. Hapa tunapiga picha kama mtu anayekula chakula kuanzia katikati ya sahani. Tukio la mwisho linapigwa wiki ya kwanza, la kwanza linapigwa wiki ya mwisho, kutegemea jengo gani limepatikana. Na kila mwigizaji anapewa kurasa zake tu, ili siri isitoke. Kwa hiyo mimi najua ninachosema. Ninachosemewa nikigeuza mgongo sikijui.

Basi sikiliza. Msimu uliopita tulipiga tukio moja kwenye ghala la magodoro. Mzee Magodoro ananipa bahasha, mimi naipokea. Mwongozaji (bado tunamwita Kata, na bado anapiga kelele hiyo hata mtu akipiga chafya) alitusimamisha wote wawili akatuambia ndani mna picha za yule binti aliyeuawa, na kwamba Magodoro, kwa mara ya kwanza maishani mwake, ametubu kidogo na ananisaidia. Nikaigiza huzuni. Mungu wangu, niliigiza vizuri! Nikaitia ndani ya koti polepole, nikatazama pembeni, nikameza mate. Tukio halikurushwa. Kata akasema limekatwa kwa sababu ya muda.

Sasa lichukue tukio hilohilo, liwekee muziki mwingine, ulione upya. Huyo si mama mwenye huzuni tena. Huyo ni mwizi anaficha fungu lake.

Nimemkabili Kata leo mchana. Hakubisha. Alinipa karatasi ya rangi ya waridi yenye maneno ya kukiri. Inspekta, kabla hajapigwa risasi, anaacha ujumbe wa sauti kwenye simu ya sajenti wake: nililipwa, nililipwa tangu mwanzo, nisamehe. Nikamrudishia karatasi yake. Nikamwambia, "Kuniua niue. Nimechoka na mabuti haya, nizike hata kesho. Lakini mwizi hapana."

Akasema, "Inspekta si wewe, dada."

Najua si mimi. Mwambie hayo mshona nguo aliyenisimamisha sokoni na kesi ya cherehani yake iliyoibiwa, kwa sababu kituo cha polisi walimcheka. Nilimwambia mimi mwigizaji tu. Akasema, "Najua, lakini wewe angalau unasikiliza." Watu kama hao nitawaambia nini? Kwamba hata yule wa kuigiza alikuwa amenunuliwa?

Picha wanayo. Sauti hawana. Bila mdomo wangu ile bahasha ni bahasha tu. Acha wanisubiri.

Msalimie mwanangu Chiriku. Mwambie mama yake anakula vizuri na analala vizuri, na akipewa tangazo lolote la sabuni asilisome tena kama anaimbia mtoto.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Katibu wa chama cha waigizaji amenithibitishia kuwa kukataa kusema uongo juu ya jambo ulilodanganywa si kuvunja mkataba, ila kukosa siku ya kazi ni kuvunja mkataba. Kwa hiyo fika kila siku, vaa mabuti, fanya kila tukio ulilopangiwa. Wasikupate kwa kosa la kijinga. Nimeongea naye kama ndugu yako, na nimemweleza hivyo.

Kuna jambo jingine ninalolifuatilia. Nimelisikia kwa mtu mmoja, na mtu mmoja hanitoshi. Unanijua. Mpaka nipate wa pili sitakuandikia, maana nikikosea nitakuwa nimewasha moto kwa mkono wangu. Ninachokuomba ni kimoja: usirudi kwa mwongozaji na hoja ya sauti. Usimwambie kwamba bila mdomo wako hana kitu. Subiri barua yangu.

Chiriku nimemtafuta nyumbani kwake mara mbili, sijamkuta. Jirani anasema ana kazi nyingi studio.

Mdogo wako


Ijumaa, 14 Machi

Wewe mtoto wa mama yangu,

Barua yako ya "subiri" imenifikia nimeshamaliza kutosubiri.

Jumanne wakati wa chakula cha mchana nilisimama kwenye benchi, mbele ya wapiga picha, wabeba taa, kila mtu. Nikasema kwa sauti ya Inspekta, ile ya kuita jina la mshukiwa: sikiri. Mkitaka ujumbe wa simu, pigeni simu kwa mtu mwingine. Wabeba taa wakapiga makofi. Mzee Magodoro, ambaye unajua hana haraka hata jengo likiungua, akaweka kijiko chini akapiga makofi pia.

Kata hakukasirika. Akasema, "Sawa, Inspekta. Pumzika." Akatabasamu. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi, maana yule bwana hajawahi kuniambia nipumzike tangu nimjue.

Jana akaniita kwenye chumba cha sauti. Akabonyeza kitufe. Nikajisikia mimi.

Si mtu anayefanana na mimi. Ni mimi! Lile koo langu la asubuhi. Ile namna yangu ya kuliacha neno la mwisho lianguke. Nikajisikia nikisema nililipwa. Nikajisikia nikisema nisamehe. Nikakaa juu ya boksi la nyaya. Kata akasema, "Unaona? Hata hukuhitaji kuchoka."

Wameniundia sauti kwa mashine. Nimesoma kwamba siku hizi inawezekana, wanailisha mashine maneno yako ya miaka yote kisha inatapika wanachotaka. Misimu kumi na miwili ya kelele zangu, chakula kipo tele. Nikamuuliza fundi sauti ni mashine gani hii. Akaangalia viatu vyake kama mtoto aliyevunja glasi.

Mashine haina aibu, sigombani nayo. Lakini nyuma yake kuna mtu aliyekaa akatega sikio akasema hapo pamefanana, hapo bado. Huyo nikimjua, simpi mkono mpaka naingia kaburini. Umesikia? Awe yeyote.

Na wewe ulijua. Ndilo hilo "jambo jingine" lako. Ulijua nimeshapokonywa silaha, ukaniacha nipande juu ya benchi kujigamba kuwa ninayo. Wewe na watu wako wawili! Siku nyumba yangu ikishika moto utatafuta shahidi wa pili ndipo uniamshe?

Dada yako, kwa shida


Jumatatu, 17 Machi

Mama,

Si mashine. Ni mimi.

Nimeanza na hilo kwa sababu mjomba amesema nisizunguke. Yuko hapa amekaa kwenye kochi langu, kofia magotini. Alikuja jana mchana akanisomea sehemu ya barua yako, akaniuliza, "Ulikwenda studio ya kituo siku gani, na nani alikuita?" Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

Aliyeniita ni meneja wa uzalishaji. Alisema koo lako limevimba kwa vumbi la huko, kwamba daktari amekukataza kusema hata neno, na kipindi cha mwisho kinakusubiri wewe tu. Akasema, "Mama yako mwenyewe ndiye aliyesema mpeni Chiriku." Mama, alilitaja jina hilo. Nani anayeniita hivyo zaidi ya wewe na mjomba? Sikufikiri kwamba umeniita hivyo mbele ya Kata mara mia. Nikasema mama anaumwa na ameniomba. Nikaenda mbio.

Na tangu nikiwa shule watu wakipiga simu nyumbani walikuwa wanadhani mimi ni wewe. Nilijua naweza. Nilisoma mara mbili tu. Fundi sauti alinionyesha kidole gumba kwenye kioo, nami nikajisikia nimekuwa mtu. Nilidhani Inspekta anakiri kwa mtego, unajua, kama ile mara alipojifanya amenunuliwa ili amnase yule hakimu. Nilikuwa na ukurasa mmoja. Sikuuliza wa kabla yake wala wa baada.

Mama, nilitega sikio. Nilisema hapo pamefanana, hapo bado. Mtu uliyeapa kutompa mkono ni mimi.

Siombi unisamehe kwa barua. Nakwenda kituoni leo kuwaambia naiondoa sauti yangu. Mjomba ameniambia nisubiri kwanza. Nimemjibu kwamba wewe umeshayaona matokeo ya kusubiri kwake. Amekubali, akavaa kofia.

Mwanao


Jumatano, 19 Machi

Chiriku,

Yale niliyomwandikia mjomba wako kuhusu mkono na kaburi, yafute. Niliyasema juu ya mtu nisiyemjua. Wewe nakujua tangu ulipokuwa unalia kwa sauti moja na kengele ya mlango.

Nimekaa na barua yako siku nzima. Nimepiga matukio manne, yote sawasawa, Kata hana pa kunishika. Kati ya tukio na tukio naisoma tena. Hasira ninayo, na ni kubwa, lakini kila nikiisogeza kwako haikai. Inarudi kwa yule aliyechukua jina ninalokuitia mwanangu nyumbani akalifanya ufunguo wa kufungulia mlango wako.

Sasa nisikilize. Usiende mbali zaidi ya hapo. Umeshasema unaondoa sauti, inatosha. Wewe unaishi kwa matangazo, na matangazo yote ya mji huu yanapita kwenye milango ile ile. Mimi nimeshakula miaka yangu, wakinifungia naenda kulima maua. Wewe wakikufungia utafanya nini, utamsomea nani sabuni? Niachie mimi vita hii.

Na kwa taarifa yako, Inspekta havuti pumzi katikati ya sentensi. Ulivuta pale kwenye "tangu mwanzo." Ningekuwa na akili timamu ningekutambua hapo hapo, maana ndivyo ulivyokuwa ukisoma mashairi shuleni. Lakini nilikuwa chini, juu ya boksi la nyaya.

Mama


Ijumaa, 21 Machi

Mama,

Nimechelewa kukutii. Nilishakwenda.

Meneja wa uzalishaji alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia futeni. Akasema sauti ikisharekodiwa ni mali ya tamthilia. Nikamwambia mlinidanganya mama anaumwa. Akasema, "Ulimpigia kuhakikisha?" Nikamwambia simu yake mmeifungia getini nyinyi wenyewe! Hapo akafungua droo, akaifunga bila kutoa kitu.

Kisha akaja na asali. "Binti, una kipaji. Msimu ujao Inspekta hayupo, lakini tutahitaji sauti yake kwenye kumbukumbu, kwenye ndoto za sajenti. Kazi ya miaka." Nikamuuliza, "Mnataka nimrithi mama hajafa?" Akasema hiyo ni biashara, isiwe ya moyoni. Akamalizia kwamba nikitoka nje nikasema, asinisikie tena redioni wala kwenye televisheni, wala kwenye tangazo la dawa ya mende.

Nikamwambia dawa ya mende nimeshaisoma, na mende bado wapo.

Nimetoka pale nimekwenda moja kwa moja chama cha waigizaji. Nimesaini malalamiko kwa jina langu. Najua umesema nikuachie wewe. Lakini Mama, wewe unaweza kusema tu kwamba hukusema. Anayeweza kusema "nilisema mimi, na niliambiwa uongo" ni mtu mmoja duniani, na ndiye huyu. Ukinikataza tena nitakwenda tena. Hilo nalo nimerithi, usiniulize kwa nani.

Chiriku


Jumatatu, 24 Machi

Dada,

Katibu wa chama cha waigizaji amesema leo kuwa malalamiko ya Chiriku na yale uliyoyatuma wewe kwa dereva yamepokewa kama shauri moja, na kituo kimeitwa kujibu. Kwa makubaliano waliyosaini kituo na chama, kikao kinaweza kuzuia kipindi kisirushwe mpaka shauri liishe. Msemaji wa kituo, alipoulizwa, alisema hana la kusema, kisha akasema kwa dakika kadhaa kwamba tamthilia ni mali ya kituo na Inspekta ni mtu wa kubuni.

Aliyemuuliza si mimi. Nimemwandikia mhariri kwamba mwanafamilia wangu ana shauri na kwamba najua mambo ambayo sitayatumia. Ameikabidhi kazi kwa mama wa dawati la mahakama. Huyo hatazami televisheni. Aliniuliza, "Huyu Inspekta ni wa kituo gani cha polisi?" Nilimweleza. Akasema vizuri, basi ataanza bila mapenzi. Nimempa majina ya watu wa kuwatafuta na sikumpa maoni yangu.

Kuhusu siku zile nilizonyamaza: mtu wangu wa kwanza alikuwa fundi sauti wa studio ya kituo. Aliniambia waliyemrekodi ni mwanamke kijana, na kwamba alimwita fundi "mjomba" kwa adabu alipokuwa anaondoka. Nilihisi ni nani. Sikutaka kuhisi, nilitaka kujua, na nilimtafuta yeye ndiye awe wa pili. Kazini ningefanya hivyo tena. Kwako ilikuwa lazima niandike "wamepata sauti, jihadhari," niishie hapo, na hilo ningeweza kulifanya bila kumtaja mtu. Sikulifanya. Uko sahihi na mimi sina utetezi.

Mambo matatu ya kujua kabla hujaamua. Kikao ni Jumatano. Chama kinakutaka uwepo mwenyewe. Na nimeambiwa na dereva kwamba ratiba yenu ya Jumatano imebadilishwa leo: wamekupangia kazi saa hiyo hiyo ya kikao. Nimemuuliza katibu. Amesema ukiitikia wito wa chama, mkataba unakulinda, lakini kituo watabisha, na hawezi kukuahidi watakaokaa kusikiliza wataona vipi. Unaweza kufukuzwa kabla hujafungua mdomo. Nimekuandikia kama ilivyo.

Mdogo wako


Jumanne, 25 Machi

Mdogo wangu,

Nimeshaamua. Mwambie katibu nakuja.

Kata amenipangia kesho tukio la kumhoji Mzee Magodoro, mimi na yeye tu, chumba kimoja, meza moja. Alijua sitakubali kulikosa, maana ni tukio zuri, labda zuri kuliko yote niliyowahi kuandikiwa. Nimelisoma nikatokwa na machozi, nakuambia ukweli. Inspekta anauliza tu, yeye mwenyewe halazimiki kujibu kitu. Kisha nikaiweka karatasi kifudifudi mezani kwa Kata nikamwambia, "Kesho nimeitwa na chama changu. Hii hapa nakala ya wito, ina muhuri."

Akasema, "Ukitoka getini, umeacha kazi."

Nikasema, "Natoka getini, na kazi sijaacha. Andika yote mawili."

Akageuka kwa Magodoro, nadhani alitaka msaada wa mtu mzima. "Mzee, basi kesho tutapiga upande wako peke yako, utaongea na kiti kitupu. Umeshawahi kufanya."

Magodoro alikuwa anakata kucha. Akamaliza kidole alichokuwa nacho. Akasema, "Kesho sipo."

"Hupo, unakwenda wapi?"

"Kikaoni. Bahasha niliitoa mimi. Maneno uliyomwambia huyu dada kuhusu picha za marehemu uliniambia na mimi, tumesimama hapa na hapa, na wewe ulikuwa katikati unakula karanga. Mimi nimeigiza jambazi misimu kumi na mitatu, mwanangu, nimeua watu nisioweza kuwahesabu, lakini huyu mama sijawahi kumpa hata senti. Nikiulizwa nitasema hivyo."

Kata akasema tutawafukuza wote wawili. Magodoro akamwambia basi msimu mpya atakuwa nao sajenti peke yake, amkamate nani? Watu wa taa walicheka mpaka ngazi ikatikisika, na aliyekuwa juu yake akatukana.

Sijui kama nitakuwa na kazi Alhamisi. Magodoro naye hajui, na yeye ana wajukuu wanaomtegemea. Chiriku keshaipoteza yake tayari, dawa ya mende imepewa mtu mwingine, ameniandikia kikaratasi. Hakuna aliyetuahidi chochote. Mwambie yule mama wa mahakama aandike hivyo, asitutie sukari.

Mwambie Chiriku akitakiwa kuyasema yale maneno mbele ya kikao, ayaseme kwa sauti kamili, bila kuinamisha uso, ili wasikie ilivyofanywa. Mimi nitakuwa nimekaa karibu naye. Akimaliza, nitasimama niseme la kwangu, ambalo ni fupi: Inspekta hakuchukua.

Kikao ni kesho, Jumatano, saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, jengo la chama. Tunatoka hapa saa kumi na mbili. Magodoro anaendesha.

Dada yako